Mazabodi ya bei nafuu: soma herufi za mwisho kabla hujalipa

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu. Nataka kujiundia kompyuta ya mezani nyumbani kwa ajili ya kuandaa mitihani, kutunza alama kwenye majedwali, kuingia intaneti, na wanangu waangalie masomo ya video. Michezo ya kompyuta hatuchezi. Kompyuta ya zamani ilikufa, nikabaki na vijiti viwili vya RAM ya DDR4, kila kimoja GB 8, pamoja na SSD ya SATA, pawa saplai ya wati 450, kasha lake, na monita yenye tundu la VGA tu. Prosesa nimepanga kununua Core i3-12100F kwa sababu ni nafuu kuliko i3-12100. Kwenye mazabodi ndipo nilipokwama. Nimeona ya H610 na ya B760, na hiyo ya pili bei yake inakaribia mara mbili. Rafiki yangu ananisisitiza nichukue B760 ili isipitwe na wakati upesi. Nichukue ipi?

Jibu: Njema, mwalimu. Chukua H610. Ila kuna herufi moja kwenye barua yako iliyonishtua kuliko suala zima la bodi, nayo ni hiyo F mwishoni mwa i3-12100F. Intel huweka F kwenye prosesa ambazo grafiki ya ndani imezimwa. Wewe huna kadi ya grafiki, wala hujasema utanunua. Ungefunga kila kitu, ungebonyeza swichi, feni zingezunguka vizuri kabisa, na monita ingebaki nyeusi tii. Matundu ya HDMI na VGA unayoyaona nyuma ya bodi hayatengenezi picha. Kazi yake ni kupitisha picha inayotoka kwenye prosesa, na prosesa yenye F haina cha kupitisha. Nunua i3-12100 isiyo na F. Senti ulizotaka kuokoa hapo zingekwenda kwenye kadi ya grafiki, tena zisingetosha.

Nimeanzia kwenye prosesa kwa sababu bodi haichaguliwi peke yake. Wengi huichagua kama gari, wakidhani ya ghali itakimbia zaidi. Chukua i3-12100 hiyo hiyo, RAM hiyo hiyo na SSD hiyo hiyo, ziweke kwenye H610 leo na kwenye B760 kesho, kisha fungua jedwali la alama za shule nzima. Hutajua uko kwenye ipi. Kinachotegemea bodi ni vitu gani vitaingia, vingapi, na vipi vitakataa. Kwa hiyo swali lako halisi ni hili: kati ya vile ulivyonavyo na vile utakavyoongeza siku za usoni, kuna chochote ambacho H610 itakikataa? Tuvipitie.

Tumalizane kwanza na hoja ya rafiki yako, maana nia yake ni nzuri ila hesabu imemkataa. H610 na B760 zote zina soketi moja (kiota cha kukalia prosesa), LGA1700, iliyotoka mwaka 2021 pamoja na kizazi cha 12 cha Intel. Soketi hiyo ilibeba kizazi cha 12, cha 13 na cha 14, ikaishia hapo. Oktoba 2024 Intel walitoa prosesa za Core Ultra za mezani zikiwa na soketi nyingine, LGA1851, ambayo haiingiliani na hii. Maana yake ni kwamba upande wa prosesa bodi zote mbili mlango wake umefungwa siku moja. Ukilipa mara mbili kwa B760 hununui hata kizazi kimoja cha ziada. Kama anataka bodi ambayo soketi yake bado ina safari, hiyo ni AM5 ya AMD, na wao wamesema wataendelea nayo hadi 2027 na kuendelea. Lakini AM5 inatumia DDR5 pekee, RAM ya kizazi kinachofuata, kwa hiyo vijiti vyako viwili vingebaki kuwa mapambo.

Sasa, soketi kulingana si mwisho wa habari. Hili nilijifunza kwa aibu mwaka 2018. Mteja aliniletea bodi yake nzima ya LGA1151, iliyotengenezwa kwa kizazi cha 6 na cha 7, akataka nimwekee prosesa mpya ya kizazi cha 8. Nikaangalia soketi: LGA1151. Nikaangalia prosesa: LGA1151. Ikakaa kwenye soketi kama kidole kwenye pete. Haikuwaka. Nilibadilisha RAM, nikabadilisha pawa saplai, nikapoteza mchana mzima, ndipo nikakumbuka kusoma. Kizazi cha 8 kilihitaji chipseti (chipu kuu ya bodi, ndiyo inayobeba majina kama H610 na B760) za familia ya 300, ingawa umbo la soketi lilibaki lile lile. Tangu siku ile siamini macho. Nafungua tovuti ya mtengenezaji wa bodi, nafungua ukurasa wa bodi hiyo hiyo kwa jina lake kamili, natafuta orodha ya prosesa inazozikubali, na kando ya kila prosesa nasoma toleo la BIOS (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta) linalohitajika.

Hapo kwenye BIOS ndipo wanaojiundia huumia. Kwako hakuna shida, kwa sababu H610 na i3-12100 zilitangazwa pamoja Januari 2022, kwa hiyo hakuna bodi ya H610 isiyoijua prosesa hiyo. Lakini ukishawishika dukani uchukue i3-14100, bodi ya H610 iliyokaa kabatini tangu mwanzo inaweza kuwa na BIOS ya kale isiyoitambua. Kusasisha BIOS kunahitaji prosesa ambayo bodi tayari inaijua, au bodi yenye kitufe maalumu cha kusasisha kwa flashi bila prosesa, na bodi za bei ya chini nyingi hazina kitufe hicho. Ukiwa kwenye hali hiyo, mwambie muuzaji aisasishe mbele yako kabla hujatoa pesa.

Tuje kwenye RAM, ambayo ndiyo mali yako kubwa na ndiyo itakayokuchagulia bodi. H610 zipo za DDR4 na zipo za DDR5. B760 nazo hivyo hivyo. Hakuna bodi ya kawaida ya kukubali hiki na kile kwa pamoja. Ukikosea, kijiti hakitaingia, kwa sababu lile pengo dogo la katikati kwenye DDR5 limesogezwa ingawa idadi ya miguu ni ile ile 288. Usilazimishe. Na majina ya bodi hayakusaidii sana. Wapo watengenezaji wanaoweka D4 au DDR4 mwishoni mwa jina, na ile isiyo na alama inakuwa ya DDR5. Wapo wanaofanya kinyume chake, DDR4 haiandikwi kitu na ya DDR5 inabandikwa D5. Bodi mbili zenye majina yanayofanana isipokuwa herufi mbili za mwisho ni bodi mbili tofauti kabisa. Soma sanduku, kisha soma maandishi madogo yaliyochapwa kwenye bodi yenyewe kando ya sloti za RAM.

Kabla ya hapo vitoe vijiti vyako uvisome, maana nimeshaona mtu anasema ana DDR4 ya mezani kumbe ni ya laptopu. Pima kwa rula. Kijiti cha mezani kina urefu wa sentimita 13 na kidogo, cha laptopu hakifiki sentimita 7. Kisha soma stika. Vijiti vingi vilivyotoka kwenye mashine za kiwandani vina mstari kama huu: 8GB 1Rx8 PC4-2666V-UA2-11. Hiyo PC4 ndiyo DDR4. Ingekuwa PC3 ni DDR3, ambayo huku haina kazi. 2666 ni kasi yake. Herufi inayofuata baada ya kistari cha pili ndiyo ninayoitafuta siku zote: U ni kijiti cha kawaida cha mezani, S ni cha laptopu, R ni cha seva. Cha seva kina umbo na ukubwa wa kile cha mezani, kinauzwa kwa bei ya kuvutia mno, na kwenye H610 hakifanyi kazi. Ukisoma U kwenye vyote viwili, una RAM nzuri.

Na kwa kuwa ni viwili, weka vyote. H610 ina sloti mbili tu, kila moja ikiwa na njia yake ya kwenda kwenye prosesa. Kijiti kimoja cha 2666 hupitisha takriban GB 21 kwa sekunde, viwili pamoja hupitisha takriban 42. Mtu mwenye kadi ya grafiki asingeijali sana tofauti hiyo, lakini wewe grafiki yako iko ndani ya prosesa na inakula kutoka kwenye RAM hiyo hiyo. Kama kasi za vijiti hazilingani, vyote vitakwenda kwa mwendo wa kile kizito. Si tatizo. GB 16 kwa kazi ulizozitaja zinatosha na kubaki, na siku ukitaka zaidi, H610 inapokea hadi GB 32 kwa kila sloti.

Sasa nimtendee haki rafiki yako, nieleze B760 inauza nini. Kwanza mara nyingi ina sloti nne za RAM, na inaruhusu RAM iendeshwe kwa kasi kubwa kuliko ile rasmi ya prosesa. H610 hairuhusu, kwenye DDR4 inakomea 3200. Pili, SSD za M.2, zile bapa zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi. Kwenye H610 njia ya M.2 inatoka kwenye chipseti na ni PCIe, yaani barabara ya data, ya kizazi cha 3. Kwenye B760 moja hutoka moja kwa moja kwenye prosesa kwa kizazi cha 4, na mara nyingi kuna sloti ya pili. Inasikika kama jambo kubwa hadi uweke namba. SSD yako ya SATA inasoma kama MB 550 kwa sekunde. SSD ya M.2 kwenye njia nne za kizazi cha 3 inafika kama MB 3,500. Ukiongeza moja mwakani utakuwa umeshapanda mara sita, na kwa kufungua mtihani wa kurasa nane hutahisi hata hiyo mara sita.

Tatu ni sehemu ambayo haiandikwi kwenye matangazo ya bei nafuu, nayo ni mfumo wa kushusha umeme wa prosesa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo bodi rahisi huponzwa. Pawa saplai inaleta volti 12. Prosesa inatumia volti moja na kidogo, tuseme 1.2. Bodi ndiyo inayoshusha, kwa vile vipande vyeusi na visanduku vidogo vya kijivu vilivyojipanga kando ya soketi. Kila ukishusha volti, ampea zinapanda. i3-12100 kikomo chake ni wati 89. Gawa kwa 1.2 upate karibu ampea 74, zikipita kwenye eneo dogo kuliko kiganja chako. Vile visanduku hupokezana kazi hiyo. Kwenye H610 ya bei ya chini ni vichache na havina bamba la kupoozea, na kwa ampea 74 za vipindi vifupi vinamudu. Sasa mpe bodi hiyo hiyo i7-12700, ambayo kikomo chake ni wati 180. Hesabu inafika ampea 150. Bodi haitalipuka. Itapata joto, itaiamuru prosesa ipunguze mwendo, na wewe utakuwa umenunua i7 inayotembea kama i5. Nimeshaletewa mashine ya namna hiyo na mwenyewe akilalamikia prosesa. Niliposogeza kidole karibu na vile visanduku wakati inafanya kazi, nilikirudisha haraka.

Kwa hiyo nikuulize swali moja, na jibu ulitoe kwa ukweli: kuna uwezekano wowote kwamba baada ya miaka miwili utataka kuhariri video ndefu, au mwanao atakuja na mambo ya michoro ya pande tatu? Kama upo, B760 ya kawaida ina maana, kwa sababu ya umeme huo na si kwa sababu ya kupitwa na wakati. Kwa barua uliyoniandikia, haupo. Tofauti ya bei iweke kwenye SSD ya pili ya kutunzia nakala za mitihani.

Yale yaliyobaki kwenye bodi yenyewe nayapita haraka. Kwa kuwa monita yako ni ya VGA, tafuta H610 yenye tundu hilo nyuma. Zipo nyingi, kwa sababu bodi hizi zinatengenezwa zikilenga maofisi. Ukikosa, adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA inafanya kazi mradi iwe ile yenye kisanduku cha kubadilishia ndani, maana kebo tupu yenye HDMI huku na VGA kule haipitishi kitu. Wi-Fi bodi za bei hii kwa kawaida hazina, kwa hiyo panga kebo ya mtandao au kifaa cha Wi-Fi cha USB. Matundu ya feni hesabu: moja la prosesa lipo daima, la kasha mara nyingi ni moja tu, na linakutosha. Angalia pia kama kasha lako lina USB ya mbele ya rangi ya bluu, kwa sababu kebo yake nene inahitaji kichomeo chake cha pini 19 kwenye bodi. Taa za rangi zipuuze.

Upande wa AMD, kama utakuta bei nzuri, bodi ya A520 na Ryzen 5 5600G ni jozi ninayoipenda. Inapokea DDR4 yako, ina grafiki ya ndani yenye nguvu kuliko ya hiyo i3, na haidai bodi ya kifahari. Huko mtego wa herufi umegeuka: kwenye familia ya 5000 ya AMD, isiyo na G haina picha. Ryzen 5 5500 haina, 5600 haina, 5600G inayo. Tahadhari nyingine ni ya mikono. Kwenye AM4, soketi ya jozi hiyo, pini ziko chini ya prosesa yenyewe, na grisi ikishakauka kipoozeo hushikana nayo. Ukikivuta kwenda juu kwa nguvu, prosesa inang'oka nacho ikiwa imefungwa, na pini zinapinda. Washa mashine dakika kumi ipate joto, izime, chomoa umeme, kisha zungusha kipoozeo kushoto na kulia taratibu hadi kiachie.

Kwenye LGA1700 mambo ni kinyume: pini 1700 ziko kwenye bodi, nyembamba kama nywele, na ndiyo sababu bodi iliyotumika hainunuliwi kwa picha. Ukiamua kununua iliyotumika, fungua kile kifuniko cha plastiki, washa tochi ya simu, na iinamishe upande upande huku ukitazama kwa mshazari. Pini nzima zinang'aa kwa mistari iliyonyooka kama shamba lililopandwa kwa kamba. Iliyopinda inavunja mstari, jicho linaiona mara moja. Halafu idai iwashwe mbele yako, RAM ikiwa kwenye sloti zote mbili. Bodi inayowaka kwa sloti moja tu si lazima iwe na sloti mbovu: njia za RAM zinapita kwenye pini za soketi, na pini moja iliyopinda inaweza kuua upande mzima. Muuzaji akikwambia "tumia tu hii sloti nyingine, haina neno", muage kwa heshima. Uliza pia kile kibati cha nyuma kinachozunguka matundu. Bodi nafuu huja nacho kikiwa kipande cha pembeni, na zikiuzwa mara ya pili huwa kimebaki kwenye kasha la mwenye nayo wa kwanza.

Kuna kitu hukuniambia, mwalimu, nami siwezi kukiacha. Kompyuta ya zamani ilikufaje? Kama ilizima ghafla, au palikuwa na harufu ya kuungua, mshukiwa wangu wa kwanza ni hiyo pawa saplai unayotaka kuihamishia kwenye bodi mpya. Wati 450 ni nyingi kuliko mahitaji yako, maana mashine yote hii haitavuka 150. Wati si tatizo, afya ndiyo tatizo. Mpelekee fundi aipime ikiwa imebeba mzigo: njia ya volti 12 isishuke chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6. Kuigusisha waya na kuona feni inazunguka si kipimo. Hesabu pia pini za plagi kubwa. Ziwe 24. Kompyuta nyingi za maofisini zina pawa saplai na kasha vya kipekee, plagi zenye pini chache na matundu ya skrubu yasiyolingana na bodi za kawaida, na hapo itabidi ununue vyote viwili. Kasha la kawaida litaipokea bodi ya microATX, yaani yenye M baada ya namba kama H610M, ambayo haizidi milimita 244 kwa 244. Plagi ya prosesa kwenye pawa saplai ya zamani inaweza kuwa ya pini 4 huku bodi ikiwa na tundu la pini 8. Kwa wati 89, ambazo kwenye volti 12 ni chini ya ampea 8, pini 4 kwa kawaida zinatosha. Kwa prosesa kubwa nisingekuruhusu.

SSD nayo ina jambo lake. Kama Windows iliyomo iliwekwa kwa mtindo wa zamani wa kugawa diski uitwao MBR, haitawaka kwenye bodi hii ukitumia grafiki ya ndani, kwa sababu Intel waliacha kuunga mkono uwashaji huo wa zamani. Usidhani SSD imekufa. Nakili mafaili yako kwanza kupitia kompyuta nyingine, kisha weka mfumo upya. Weka Windows 11, kwani Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hii inakubalika bila hila. Ikikudai TPM, yaani kitunza funguo za usalama, ingia kwenye BIOS utafute PTT, ambalo ndilo jina la Intel la TPM yake, uiwashe. Iko ndani tayari, usiuziwe kifaa cha ziada.

Ukinunua prosesa hakikisha ni ile ya kwenye sanduku, ambayo huja na kipoozeo chake. Ile inayouzwa ikiwa tupu haina, na bei yake ya chini inadanganya. Kabla ya kufunga chochote kwenye kasha, tandaza bodi juu ya sanduku lake la karatasi, weka prosesa, kipoozeo na vijiti vyote viwili, chomeka plagi mbili za umeme na monita, kisha gusa pini mbili zilizoandikwa PWR kwa ncha ya bisibisi. Ukiona picha, sasa ndiyo uingize kwenye kasha, na uhakikishe kila skrubu ya bodi ina kile kinyanyuzi chake cha shaba chini yake, na hakuna kinyanyuzi kilichobaki mahali pasipo na tundu. Kinachobaki hugusa mgongo wa bodi na kusababisha shoti.

Mara ya kwanza kuwaka, bodi huipima RAM kabla ya kuonyesha chochote. Monita inaweza kukaa nyeusi, feni zikipanda na kushuka, pengine ijizime na kujiwasha yenyewe mara moja au mbili. Ipe dakika tatu kabla hujaanza kuchomoa vitu na kunitafuta.